Hewa Haikukatika

Mwaka 2005 Jafari Nandonde alikuwa na miaka thelathini na mbili, na Mikindani nzima walimwita Mpimaji. Jina hilo alilipenda. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha kozi ya miezi mitatu ya kupima vifaa vya kupumulia chini ya maji, na akakuta kampuni moja inajiandaa kulaza bomba la gesi chini ya bahari. Wazamiaji walikuwa wameshaajiriwa. Kampuni ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: kifaa chochote cha hewa, kabla hakijashuka na mzamiaji, kishuke kwanza na mpimaji, kikae naye chini nusu saa, kisha mpimaji aandike na kutia sahihi. Bila sahihi ya Jafari hakuna aliyelowa.

Vifaa vyenyewe vilitunzwa na Mzee Ernesto, mtu wa Mahurunga, ambaye wazazi wake walimvusha Ruvuma akiwa mdogo, wakati wa vita ya Msumbiji. Ernesto hakuwa na cheti chochote. Miaka ya tisini alikuwa akizamia majongoo bahari huko Msimbati, yeye na mdogo wake Leonel, kwa kompresa iliyofungwa ndani ya boti na mpira mrefu wa kupeleka hewa chini. Siku moja upepo uligeuka, moshi wa injini ukaingia pale kompresa inapovutia hewa, na Leonel aliyekuwa chini akauvuta moshi ule bila kujua. Walimpandisha ameshakufa. Tangu hapo Ernesto hakuzamia tena. Akawa fundi. Kila kifaa alichokifungua alikipanga kwenye kitambaa cheupe, kipande baada ya kipande, akihesabu kwa Kireno, na hakukifunga mpaka hesabu ikubali mara mbili. Habari za Leonel alimsimulia Jafari mwenyewe, wiki ya kwanza, wakiwa wawili tu karakana. Alimwambia kwamba aliapa mbele ya kaburi la mdogo wake: hakuna mtu atakayekosa pumzi kwa kazi ya mikono yake.

Kwa hiyo Jafari alijua. Hawezi kusema hakujua.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi, asubuhi, maji yamejaa. Seti mpya ilikuwa imefika: kompresa kubwa ya kukaa gatini, mpira wa hewa, barakoa inayofunika uso mzima, na valvu iliyo mbele ya mdomo, inayompa mzamiaji hewa kila anapovuta. Valvu ilikuwa imefika inavuja. Ernesto aliifungua, akabadilisha kiwambo chake cha mpira, akaifunga upya. Mgongoni mwa Jafari kulikuwa na mtungi mdogo wa akiba wenye hewa ya dakika kumi. Hewa ya juu ikikatika, mzamiaji anafungua koki iliyo ubavuni na kupanda taratibu. Ernesto alisimama kwenye geji ya kompresa. Stefano, mzamiaji mkongwe kuliko wote, alishika kamba ya ishara. Injinia Martha, mama wa makamo aliyesimamia usalama wa kazi, alisimama na saa mkononi. Wazamiaji wengine walikaa kwenye magogo ya gati wakisubiri kifaa chao.

Kule Dar es Salaam Jafari alifundishwa kwenye bwawa lenye vigae vyeupe, maji yanaonesha mpaka kucha za miguu. Na kazi chache alizokuwa amekwisha kuifanyia kampuni zilikuwa karibu na ufukwe, juu ya mchanga, mahali penye mwanga. Hapa gatini chini ni tope la mikoko. Aliposhuka mita tatu maji yalikuwa ya kijani. Mita sita yakawa rangi ya chai. Mita tisa miguu yake ikazama kwenye tope mpaka juu ya vifundo, tope likatibuka, na dunia ikazimika. Aliinua mkono akauweka mbele ya kioo cha barakoa, hakuuona. Akavuta kamba mara moja, kumwambia Stefano kwamba yuko salama. Hiyo ilikuwa ishara yake ya mwisho.

Hakuna kilichomgusa. Hakuna kilichoharibika. Alisikia tu pumzi yake mwenyewe ikienda kasi, akajaribu kuipunguza, ikakataa. Hakujua tena juu ni wapi. Alivuta hewa, valvu ikampa. Akavuta zaidi, ikampa zaidi. Hewa ilikuwa inakuja. Hilo alilijua pale pale chini, na ndilo ambalo baadaye hakuweza kujidanganya juu yake. Lakini mwili ulikuwa haumsikilizi. Aliikamata barakoa kwa mikono miwili, akaing'oa usoni, akapiga mateke kuelekea alikodhania ni juu, akipiga kelele ndani ya maji.

Walimvuta gatini damu inamtoka puani. Alitapika maji ya chumvi, akabaki amepiga magoti. Alipoinua macho aliwaona wazamiaji wamesimama wote, wanamtazama. Walikuwa watu waliomwamkia yeye kwanza kila asubuhi. Injinia Martha alichuchumaa karibu yake, akamshika bega.

"Jafari, nini kimetokea?"

"Hewa ilikatika," alisema.

Maneno mawili tu. Yalitoka kabla hajayafikiria, kama mtu anayejikinga uso kwa mkono. Lakini baada ya kutoka alikuwa na nafasi ya kuyarudisha, na hakuyarudisha.

Ernesto alikuwa bado ameshika ukingo wa kompresa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba sindano ya geji haikushuka hata kidogo, alikuwa akiitazama muda wote. Martha akamgeukia na kumwuliza kama anataka kusema mpimaji ni mwongo. Mzee alimtazama Jafari, akaiona damu iliyokuwa ikichuruzika mpaka kidevuni, na uso wake ukabadilika.

"Hapana, mama. Sijasema hivyo," alijibu. "Labda ni valvu. Valvu nilifunga mimi."

Martha aliuliza jambo moja zaidi: mbona hakufungua mtungi wa akiba? Jafari akasema mkono haukuwahi kufika kwenye koki. Siku hiyo hiyo aliandika taarifa, ukurasa mmoja, kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi. Valvu ikatiwa kwenye mfuko wa nailoni na kupelekwa Dar es Salaam ikachunguzwe. Ijumaa Ernesto akaambiwa asirudi tena kazini. Watu walisema aliondoka bila kubisha, akaacha kitambaa chake cheupe juu ya meza ya karakana.

Jafari alijiambia kwamba mzee ana shamba, hatalala njaa. Alijiambia pia kwamba mambo yakipoa atatafuta namna. Jumapili, kabla ya adhuhuri, Farida mke wake alimwita kutoka chumbani. Wageni walikuwa barazani: Ernesto, amevaa shati la kanisani, na mkewe Lucinda, wamekuja na jogoo mmoja na mchele wa Mahurunga kwenye kikapu.

Jafari aliamkia, akakaa kwenye mkeka mbele yao. Alidhani wamekuja kumlaumu, na kwa kweli aliomba moyoni iwe hivyo. Vidole vya Ernesto vilitembea juu ya goti kama anahesabu vipande visivyoonekana. Kiswahili chake kilikuwa kizito siku ile, Kimakonde kikiingia kila neno la pili.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja mimi na mama yako huyu. Nilitaka kukuua. Sikukusudia, lakini nkono wangu ndio uliofunga ile kitu. Leo tumetoa misa ya shukrani, kwamba Mungu alikurudisha. Nakuomba unisamehe."

Farida alianza kulia pale mlangoni. Lucinda naye alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Jafari aliutazama mkono ule, mkavu, wenye kovu la kuungua kwenye kidole gumba, umelala juu ya goti kiganja wazi. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Watu walikuwa wanne, mlango ulikuwa nusu wazi, hakuna injinia, hakuna wazamiaji.

"Yamekwisha, baba," alisema. "Mimi nimeshasamehe."

Akampa mkono. Farida alimpika yule jogoo jioni na kumpakulia mume wake firigisi. Jafari alikula. Alikula kwa sababu asingekula angeulizwa kwa nini.

Miezi iliyofuata ilimwendea vizuri, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Kampuni ilimwona kama mtu aliyenusurika akiwa kazini. Alisema masikio yake yameumia, na Martha akamwambia asizamie mpaka apone. Stefano awe anashuka na vifaa kwa niaba yake, yeye akae juu aandike. Basi Jafari akawa anasimama kwenye geji, palepale aliposimama Ernesto, akitazama sindano, na Stefano anakaa chini nusu saa kwenye tope bila shida yoyote. Wazamiaji walimhurumia. Mmoja alimletea mafuta ya mawese ya kudondoshea sikioni. Alianza kuchukia kusalimiwa. Akisikia jina Mpimaji nyuma yake barabarani, alijifanya hakusikia.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata majibu ya valvu yalifika kwa faksi. Martha alikuwa likizo, karani akampa Jafari ile karatasi kwa kuwa jina lake lilikuwamo. Aliisoma akiwa amesimama. Valvu ilikuwa imepimwa mara sita, kwenye kina cha mita tisa na zaidi, na haikuwa na kasoro. Aliyeiandika aliongeza mstari mmoja kwamba kiwambo kimebadilishwa kwa ufundi wa hali ya juu. Jafari aliikunja, akaiingiza kwenye faili la orodha za mipira ya hewa chakavu, faili ambalo hakuna mtu angelifungua. Mara ya kwanza aliweza kusema ulimi uliteleza. Safari hii alitumia mikono, polepole, akiwa na akili zake zote.

Wiki tatu baadaye walikuja karakana watu wawili kutoka Msimbati, wazamiaji wa majongoo bahari. Aliyeongea alikuwa Abdallah, mtu mfupi mwenye macho mekundu ya chumvi. Alieleza kwamba kompresa yao ilikuwa inatoa hewa yenye ladha ya mafuta ya injini, na mwenzao mmoja alikuwa ametapika siku mbili mfululizo. Kwa miaka mingi fundi wao alikuwa Ernesto. Walimfuata Mahurunga mara tatu.

"Amekataa," Abdallah alisema. "Anasema mikono yake ilitaka kuua mtu, haigusi tena kitu cha hewa. Hata baiskeli ya jirani hatengenezi. Tukasikia mtu mwenyewe ni wewe, na kwamba ulimsamehe. Tunakuomba utuandikie barua. Mwandikie kwamba umemsamehe kweli. Labda akiiona kwa maandishi ataamini."

Jafari alichukua karatasi na kalamu. Watu wale walivua kofia na kusubiri. Aliandika "Kwa Mzee Ernesto", akaandika salamu, na kalamu ikakwama. Aliitazama karatasi mpaka Abdallah akauliza kwa upole kama wamekuja wakati mbaya.

"Nitakwenda mwenyewe," Jafari alisema. "Kesho. Nyie msizamie na ile kompresa mpaka mtakaposikia kwangu."

Aliazima pikipiki ya shemeji yake akaenda. Njia ya Mahurunga ilikuwa na matope, mpunga umesimama mabondeni pande zote mbili. Alimkuta Ernesto nyuma ya nyumba, anapalilia mihogo. Alikuwa amekonda. Lucinda alileta kigoda, kisha uji, na Jafari akaomba wote wawili wakae. Hakuonja uji.

Alisema yote. Alianza na giza, kisha barakoa aliyoing'oa kwa mikono yake. Alieleza hewa ilivyokuwa inakuja mpaka mwisho, akaeleza karatasi ya Dar es Salaam aliyoificha. Alitazama chini muda wote, na alipomaliza alisikia jembe likilazwa ardhini.

"Na mtungi wa akiba?" Ernesto aliuliza.

"Sikuufungua. Nilisahau kama upo."

Lucinda ndiye aliyesimama kwanza. Hakupaza sauti. Alimwambia Jafari kwamba kila Jumapili, tangu mwezi wa kumi, mume wake alikuwa anamwombea yeye kanisani, kwa jina, kabla hajaombea watoto wake mwenyewe. Alimwambia kwamba mume wake alikuwa amerudi kuota habari za Leonel, jambo ambalo lilikuwa limekoma kwa miaka mingi. Kisha akachukua bakuli la uji mbele ya mgeni, akaingia nalo ndani.

Ernesto alikaa. Aliinua mikono yake yote miwili, akaitazama mbele na nyuma, kama kitu alichorudishiwa na hajui kama ni chake.

"Mimi nilikuja kwako na mke wangu," alisema hatimaye. "Barazani kwako. Ukanipa nkono."

"Ndiyo, baba."

"Siku ile gatini, walikuwapo wangapi?"

Jafari alihesabu. Wazamiaji kumi na mmoja, injinia, wapakiaji watatu, mama muuza vitumbua.

"Basi nenda ukawaambie hao. Wote. Mimi peke yangu hainitoshi." Akachukua jembe lake. "Kusamehe, usiniulize leo."

Jafari aliwasha pikipiki. Alirudi Mikindani, na kesho yake asubuhi, Martha akiwa amerejea kutoka likizo, alimkabidhi ile faksi mkononi na kumwomba awakusanye watu gatini. Mama wa vitumbua, Jafari alimfuata mwenyewe sokoni na kumsihi aje. Walipokusanyika, Jafari alisimama karibu na kompresa. Safari hii alisema kilichotokea. Alisema hewa haikukatika. Alisema valvu ilikuwa nzima, na mtu aliyeitengeneza hakuwa na kosa, na kwamba yeye aliogopa, akasingizia.

Wapakiaji walitazamana. Mzamiaji aliyemletea mafuta ya mawese aliinuka akaondoka, hakugeuka nyuma. Stefano ndiye aliyezungumza, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Hapo chini sote tumeogopa," alisema. "Mimi siku yangu ya kwanza nilijisaidia ndani ya nguo. Wenzangu walinicheka wiki nzima, na wiki ya pili wakaacha. Ungesema tu, bwana."

Jafari hakuwa amefikiria hilo hata siku moja. Miezi yote ile alidhani amejinunulia heshima kwa jina la mtu mwingine. Kumbe alichokuwa anakikimbia kilikuwa kicheko cha wiki moja.

Martha alisoma faksi mara mbili. Alisema na yeye ana lake la kujibu, kwa kuwa mtungi wa akiba ulirudi umejaa na yeye aliona, lakini hakuuliza zaidi kwa sababu ya damu. Kisha alimwambia Jafari alete cheti chake na funguo za karakana. Alimweleza kwamba hofu yake angeweza kumfundisha kuishi nayo, wapo wengi waliofundishika. Lakini hawezi kumshusha mtu chini kwa sahihi ya mkono ule tena. Jafari alikubali.

Mchana huo huo gari la kampuni lilikwenda Mahurunga. Ernesto hakupanda. Alituma jibu kwamba kwanza anakwenda Msimbati kutazama kompresa ya akina Abdallah, kwa kuwa kule watu walikuwa wanavuta mafuta, na kampuni inaweza kungoja. Alikaa Msimbati siku nne. Baadaye alirudi gatini, kwa masharti yake: taarifa ya zamani ichanwe mbele yake, na mpya yenye ukweli iandikwe na ibandikwe ukutani kwa mwezi mzima. Ilibandikwa. Bomba likalazwa na hakuna mzamiaji aliyeumia.

Jafari alihamia Mpapura kwa wakwe zake, akalima mihogo na kupulizia mikorosho. Farida alimfuata, ingawa kwa wiki kadhaa alimjibu kwa neno moja moja. Ernesto alikutana naye mara mbili katika miaka iliyofuata, mara moja msibani na mara moja dukani Mtwara. Waliamkiana. Mzee aliuliza habari za nyumbani, akajibiwa, akaendelea na njia yake. Hakuwahi kusema kama alisamehe, na Jafari aliona hana haki ya kudai.

Kilichomkuta bila kujiandaa kilikuwa swali la binti yake. Mwaka 2008 Mwanaisha alikuwa na miaka kumi, na siku moja alirudi kutoka shule akauliza kwa nini watoto wa watu waliotoka Mikindani wanasema baba yake alimsingizia mzee wa watu. Farida aliacha kupepeta mchele, akamtazama mumewe aone atajibu nini.

Jafari alimketisha mtoto kwenye jamvi, akamsimulia. Hakuruka jogoo, hakuruka faksi. Mwanaisha alisikiliza huku akichora mchangani kwa kijiti, na mwisho akauliza jambo moja tu.

"Yule babu alilia?"

"Mbele yangu hakulia," Jafari alisema. "Alipalilia mihogo."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha alisema kwamba kesho wakimwuliza tena atawaambia ni kweli, na akaingia ndani kubadilisha nguo za shule. Jafari alibaki pale kwenye jamvi, Farida akarudi kwenye ungo wake.